Kubana na Kuachia: Mwongozo Kamili wa Kumfunza na Kumpanda Farasi Ufuoni

Shuka ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta huko Mombasa, pale Pirates, Jumapili jioni. Utaona farasi na ngamia wakipita katikati ya waogeleaji, tyubu nyeusi za kukodisha, mpira wa vijana na mabuibui yanayopeperushwa na upepo. Wengi wa farasi hao wanakwenda vizuri. Sasa tazama mkono wa anayewaongoza. Kamba imekazwa tangu mteja anapanda hadi anashuka, na kichwa cha farasi kimeinuliwa juu kama kwamba anatafuta kitu angani. Ukimuuliza kijana, atakwambia: "Huyu mdomo wake mgumu bwana, hasikii."

Hasikii kwa sababu kamba iliyokazwa saa nzima haina habari mpya ya kumpa. Mwongozo huu ni wa wanaofuga farasi huku Pwani, vijana wanaoishi kwa kuwaongoza, na yeyote anayetaka kujifunza kupanda bila kumvuta mnyama mdomo. Hauhitaji vifaa vya ghali. Unahitaji mkono unaojua kuachia.

Kuachia ndiko kunakofunza

Farasi hujifunza pale shinikizo linapoondoka. Unapombana kwa kamba, kwa mguu au hata kwa kumkazia macho, unamuuliza swali, naye hujaribu majibu: atainua kichwa, ataegemea, atasimama, atasogea. Jibu lolote alilokuwa akilitoa wakati ulipoachia, hilo ndilo atakalolirudia kesho. Nia yako haimhusu. Kama ulimvuta asimame, akarusha kichwa juu, nawe ukashtuka ukalegeza mkono, umemfunza kurusha kichwa. Fanya hivyo mara chache tu na utakuwa na farasi mwenye tabia ambayo utaapa alizaliwa nayo.

Kwa hiyo wakati ni kila kitu. Achia papo hapo, ndani ya sekunde moja. Ukichelewa sekunde tatu nne, farasi ameshafanya mambo mengine mawili, na ndiyo atakayodhani yamempa nafuu.

Jambo la pili ni kwamba anahisi kuliko unavyodhani. Nzi akitua ubavuni mwa farasi, ngozi hutetemeka pale pale alipotua. Mnyama anayehisi miguu ya nzi hahitaji teke. Lakini huyo huyo, ukimbana kwa nguvu bila kumwonyesha mlango wa kutokea, maumbile yake humwambia asukume upande unakotoka mkazo. Farasi aliyekomaa ana kilo 400 hadi 500. Mashindano ya kuvutana naye umeshayashindwa kabla hujaanza.

Wazee walisema punda haendi bila kigongo, na kuna wanaoichukua methali hiyo kuwa ruhusa ya kupiga. Mwangalie mwenye mkokoteni wa maji aliye hodari wa kazi yake. Kigongo kinainuka, punda anatoka, kigongo kinashuka. Hakimgusi. Kingebaki juu ya mgongo njia nzima, au kingempiga akiwa tayari anatembea, punda angekizoea na mwenye mkokoteni angehitaji kigongo kinene zaidi kila mwezi.

Kabla ya kushika kamba

Anza na maumivu. Pitisha kiganja mgongoni kuanzia mabegani hadi kiunoni, ukikandamiza kidogo. Akibonyea mgongo, akitikisa mkia kwa hasira au akilaza masikio nyuma, huenda tandiko linamuumiza. Ufuoni jasho, chumvi na mchanga vikijikusanya chini ya tandiko huchubua ngozi haraka sana, kwa hiyo kitambaa cha chini kisuuzwe kwa maji baridi kila siku ya kazi. Tazama pembe za mdomo kama zina vidonda. Inua kwato zote nne. Magego ya farasi hukua makali pembeni na kukata ulimi na mashavu. Farasi anayerusha kichwa kila lijamu, kile chuma cha mdomoni, linapoguswa pengine ana jino linalomuuma, hana kiburi. Huyo wa daktari wa mifugo kwanza, masomo baadaye.

Vifaa ni hatamu ya kamba isiyo na lijamu, kamba ya kuongozea ya mita tatu hadi nne, ufito mwepesi wa mita moja, kofia ngumu, na viatu vya kufunika vidole. Ndara ziache nyumbani. Kamba usiizungushe mkononi hata siku moja: ikunje mikunjo mipana na uishike katikati, ili farasi akishtuka iteleze badala ya kuondoka na vidole vyako.

Usianzie ufuoni. Anzia uani, mahali pakavu penye ukuta au uzio, pasipo na watazamaji. Miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, joto na unyevu wa Mombasa humchosha farasi upesi, kwa hiyo fanya kazi kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Farasi aliyetulia kivulini hupumua mara 8 hadi 16 kwa dakika. Ukimkuta anahema kupita hapo sana kabla hata hamjaanza, mpe maji na kivuli, somo lisubiri. Dakika 15 hadi 20 zinatosha. Baada ya hapo unamchosha tu, na wewe mwenyewe mkono unaanza kuchelewa.

Ombi, kumbusho, msisitizo

Kila unapombana, panda ngazi tatu kwa utaratibu ule ule. Ombi ni dogo kabisa: uzito wa kamba yenyewe, au shavu la mguu kugusa ubavu. Hesabu moja, mbili. Asipojibu, kumbusho: mkazo unaongezeka kidogo, bila kuruka. Moja, mbili. Asipojibu, msisitizo: sasa unamaanisha, na hushuki hadi upatikane mwelekeo wa jibu. Akijibu katika ngazi yoyote, yote yanaondoka mara moja.

Hapa watu hukosea kwa njia mbili. Wapo wanaoanzia juu, na farasi wao hushtuka kila wanapomkaribia. Wapo wenye huruma iliyopotea njia, wanaobaki kwenye kumbusho siku nzima, wakivutavuta na kugongagonga bila kufika popote. Hao humfanya farasi kiziwi, na kwa maoni yangu hao ndio wanaoharibu farasi wengi zaidi, kwa sababu hakuna anayewakemea. Kisha rudi kwenye ombi kila mara. Hata kama mara iliyopita ulilazimika kusisitiza, mara hii anza tena na dogo. Asipopewa nafasi ya kujibu dogo, atajuaje kwamba linatosha?

Mkono uwe kama wa nahodha aliyeshika demani, ile kamba ya tanga: kamba hai, inakazwa na kulegezwa kadiri ya hali, haivutwi kwa ghafla wala haifungwi ikasahauliwa.

Masomo ya chini

Usimpande kabla masomo haya hayajakaa. Yote unayoyataka ukiwa juu huanzia hapa.

Somo la kwanza ni kushusha kichwa, nalo ndilo ninaloomba ulitumie muda mwingi kuliko yote. Simama pembeni, usawa wa shingo, si mbele ya uso. Farasi haoni vizuri kilicho moja kwa moja mbele ya paji lake wala kilicho nyuma ya mkia. Shika kamba chini kidogo ya kidevu, halafu acha mkono wako uwe mzito kuelekea chini. Usivute. Ni uzito tu. Mwanzo atakaza shingo, pengine atainua kichwa. Usimfuate kwa nguvu, usiachie pia. Mkono ubaki na uzito ule ule, uende na kichwa kinapokwenda. Sasa tazama sikio la upande wako. Litageuka kukuelekea, jicho litapepesa, na ile misuli iliyo nyuma tu ya masikio italegea. Kichwa kitashuka kiasi cha upana wa kidole. Huo upana wa kidole ndio jibu. Fungua vidole kabisa, kamba ining'inie, usimwambie kitu. Mpe sekunde tano za amani.

Rudia. Mara ya pili utangoja kidogo pungufu. Baada ya majaribio kadhaa kichwa kitashuka kwa uzito wa kamba peke yake, na hapo unaweza kudai zaidi: nusu shubiri, shubiri, hadi pua ifike magotini. Ukitaka kila kitu siku ya kwanza utapata vita. Ukiupokea upana wa kidole, siku chache zijazo una farasi ambaye, akishtuka kwenye umati, unaweza kumwomba ashushe kichwa na akatulia.

Kuna wanaongoja farasi alambe midomo na kutafuna hewa ndipo waachie, wakisema hiyo ni alama ya kuelewa. Mara nyingi ni alama kwamba wasiwasi unashuka, basi. Wewe achia alipofanya ulichoomba; kulamba midomo kutakuja kukitaka.

Somo la pili, kwenda mbele. Simama usawa wa bega ukitazama unakokwenda, nyoosha mkono wa kamba mbele, kamba ikaze kidogo. Asipotoka, usimgeukie na kumvuta, maana ukimkabili uso kwa uso mwili wako unamwambia asimame. Elekeza ufito nyuma ya ubavu wake. Ukilazimika, mguse taratibu kwa mdundo hadi uzito uhamie mbele. Mguu mmoja ukinyanyuka, kamba inalegea na ufito unashuka.

Somo la tatu, kurudi nyuma. Kaza kamba kuelekea kifuani mwake, hatua moja, achia. Hatua mbili kesho. Farasi anayerudi nyuma kwa kidole kimoja hatakukanyaga wala kukusukuma ukutani.

Somo la nne ni kusogeza sehemu ya nyuma. Geuza kichwa chake kidogo upande wako, weka ncha za vidole ubavuni pale shavu la mguu wako litakapokaa ukiwa juu, na ubane kwa ngazi zile tatu. Unachongoja ni mguu wa nyuma wa upande wako upite mbele ya mwenzake. Ukivuka, ondoa vidole, msugue kwenye kinundu cha mabega, mahali ambapo farasi wenyewe husuguana kwa meno wakipendana. Fanya pande zote mbili. Upande mmoja utakuwa mgumu. Usiukimbie, wala usiukalie.

Leso, tyubu na mengine ya kutisha

Hapa kanuni ni ile ile lakini kinachobana si mkono wako, ni kitu chenyewe. Leso inayopepea mita tano kutoka kwa farasi ni shinikizo. Ukiiondoa akiwa anaruka, umemfunza kwamba kuruka huondoa leso.

Kwa hiyo simama mbali kiasi kwamba anaiona na masikio yamesimama, lakini miguu bado imetulia. Peperusha taratibu. Akisogea, endelea kwa kiasi kile kile, usizidishe, usikimbilie kuificha. Akisimama hata kwa nukta moja, ishushe chini, geuka, ondoka hatua mbili. Kisha rudi. Umbali unapungua kidogo kidogo hadi leso inamgusa bega na yeye anasinzia. Tyubu, mwavuli, ngoma, kijana anayekimbia na mpira: vyote vinapita mlango huu. Ukiona umemsogezea mpaka miguu imemtoka, ulikwenda haraka; rudi nyuma ulipokuwa salama.

Juu ya tandiko

Kabla ya kupanda, mwombe ainamishe shingo kulia na kushoto kwa hatamu moja, yaani kamba ya mkononi ya upande mmoja, ukisimama chini. Hiyo ndiyo breki yako ya dharura baadaye: akitaka kutoka mbio, hatamu moja huleta kichwa pembeni, sehemu ya nyuma ikasogea na kukatiza mwendo, ilhali hatamu mbili zikivutwa kwa pamoja humpa kitu cha kuegemea akakimbia zaidi. Ifanye polepole, usimkunje ghafla akiwa katika mbio, atapoteza mizani na kuanguka nawe.

Lijamu hukaa juu ya ulimi na juu ya ufizi mtupu, ile nafasi isiyo na meno kati ya meno ya mbele na magego. Pale nyama ni nyembamba mno juu ya mfupa. Ukiisha kujua hivyo, mkono wenyewe hupata adabu.

Kumwondoa: tazama mbele, vuta pumzi, kaza mashavu ya miguu. Kimya. Asipotoka, kaza zaidi. Asipotoka, gusa kwa ufito nyuma ya mguu wako. Anapotoka miguu yako inalegea kabisa na inabaki imelegea muda wote anaoendelea. Usimbane kila hatua. Kazi ya kuendelea ni yake. Yako ni kumkumbusha akipunguza. Mwendo wa matiti, ule unaomdundisha mpandaji, uombwe kwa njia hiyo hiyo, na kumbuka kwamba unapodunda visigino hudunda navyo, kwa hiyo asiyejua kukaa bado asiuombe.

Kumsimamisha: toa pumzi, kaa kwa uzito, acha kiuno kisimame. Subiri. Kisha sema neno lako moja, lile lile kila siku. Kisha funga vidole kwenye hatamu kama unakamua sponji iliyojaa maji. Miguu ikisimama, fungua vidole. Farasi wengi, wakishapewa utaratibu huo kwa uaminifu, huanza kusimama kwenye pumzi, maana wanajua kinachofuata na wanapendelea kukiepuka.

Kubana miguu na kuvuta hatamu kwa wakati mmoja ni kosa la kila siku ufuoni, hasa kwa mtu mwenye hofu: anashikilia mbavu kwa visigino asianguke, anashikilia mdomo kwa mikono asikimbizwe. Farasi anaambiwa nenda na simama kwa sauti moja. Wengine husimama wima kwa miguu ya nyuma. Wengine hufa ganzi.

Ukingo wa maji

Mpeleke maji yakiwa yametoka, kwenye mchanga mbichi ulioshikamana. Mchanga mkavu mzito hukaza kano za miguu. Siku za bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, maji huja kwa kasi na ufuo huwa mwembamba, kwa hiyo ujue saa za kujaa na kupwa kabla hujatandika.

Wimbi la kwanza linamsogelea farasi huku ardhi ikionekana kuhama, na wengi hukataa. Usimlazimishe kuingia. Tembea sambamba na maji, mahali anapoona bila wasiwasi, halafu mgeuze kuelekea baharini hatua moja. Akikubali, mgeuze mwende zenu mbali na maji. Nafuu yake ni kuondoka. Hatua mbili, ondoka. Wimbi linavyorudi nyuma mfuate kidogo, akione kitu hicho kinamkimbia yeye. Siku ya tatu au ya nne pengine atalowesha kwato mwenyewe na kuanza kupigapiga maji kwa mguu. Akifanya hivyo kwa nguvu msogeze mbele, wengine hufuatia kwa kulala majini na mpandaji juu.

Farasi mtulivu na farasi aliyekata tamaa

Sifa kubwa ya farasi wa ufuoni ni upole, na upole ni wa aina mbili. Mtulivu wa kweli masikio yake husogea kufuata sauti, hukugeukia ukimkaribia, hufukuza nzi, na ukimwomba hatua anaitoa. Aliyekata tamaa hafanyi lolote. Macho yake yapo wazi lakini hayafuati kitu, shingo imening'inia, ukimpiga teke anasogea kwa kuchelewa. Amebanwa kwa muda mrefu bila kuachiwa hata akaamua kwamba hakuna jibu linaloleta nafuu. Huyo pia huweza kuwa mgonjwa, kwa hiyo daktari kwanza. Kisha mpumzishe, na umwanzie somo la kichwa upya ukiachia kwa kila dalili ndogo. Wiki za mwanzo anaweza kuonekana mkorofi kuliko zamani. Usimnyamazishe, ameanza kuuliza tena.

Jambo hili lina upande wa sheria vilevile. Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na kumfanyisha kazi mnyama mwenye vidonda au aliyechoka kupita kiasi ni kosa.

Mteja

Kazi yako yote ya wiki inaweza kubomolewa na mgeni mmoja aliyeshika hatamu kama mpini wa bodaboda. Asiyejua kupanda asipewe hatamu. Mpe sehemu ya mbele ya tandiko ashike, au manyoya ya shingoni, na wewe ongoza kwa kamba iliyolegea kwa hatamu isiyo na lijamu. Mwambie aachie miguu ining'inie na asibane kwa visigino. Mtoto apande na mtu wa kutembea pembeni, kofia ikiwa imefungwa kidevuni.

Kati ya mteja na mteja, mpeleke farasi kivulini, legeza mkanda wa tumbo kitundu kimoja au viwili, mwache anywe, na umkaze upya kabla ya anayefuata. Atakuja pia kijana wa mjini, amevaa miwani, marafiki wanamrekodi, anataka apewe hatamu na apige mbio hadi mwisho wa ufuo. Mpime kwanza: mwambie amtembeze farasi hatua kumi, amsimamishe kwa pumzi, na aachie. Akivuta mdomo, mwongoze kwa kamba kama wengine. Akikataa kuongozwa, mrudishie pesa zake.